Jinsi ya kutambua sayari: anza na namna inavyozaliwa

Swali la kama Pluto ni sayari halijaisha. Mwalimu anasema sayari ni nane, mzazi nyumbani alisoma tisa, na mtoto anabaki na daftari lenye majibu mawili. Jibu linalotolewa mara nyingi ni vile vigezo vitatu vilivyopitishwa mjini Prague tarehe 24 Agosti 2006 na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia: gimba lizunguke Jua, liwe na tungamo la kutosha ili uvutano wake lenyewe ulifanye liwe la mviringo, na liwe limesafisha eneo la mzingo wake. Mtoto anavikariri na kupata alama zake. Ukimwuliza kwa nini kusafisha mzingo kuwe na uzito wowote, anakwama. Watu wazima wengi nao hukiona kigezo hicho cha tatu kama kanuni iliyotungwa ili Pluto ifukuzwe.

Kwa maoni yangu kosa liko kwenye mpangilio wa ufundishaji. Vigezo vinatangulia, na habari ya sayari zinavyozaliwa inakuja baadaye au haiji kabisa, ilhali vigezo vyote vitatu ni alama ambazo kuzaliwa huko kunaziacha. Mwongozo huu unaanza na kuzaliwa, halafu ndipo unapima. Unafaa darasani, kwenye klabu ya sayansi, au mezani nyumbani na watoto. Andaa rula ya sentimita 30, karatasi mbili zilizogundishwa ziwe ukanda mrefu, penseli, na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Chora mfumo wa Jua kwa rula

Umbali kutoka Dunia hadi Jua ni wastani wa kilomita milioni 150, nao huitwa kizio kimoja cha astronomia. Ufanye huo uwe sentimita 1. Weka Jua kwenye sifuri, kisha tia alama hizi:

Utaridi 0.4
Zuhura 0.7
Dunia 1
Mirihi 1.5
Ceres (gimba dogo kati ya Mirihi na Mshtarii) 2.8
Mshtarii 5.2
Zohali 9.6
Uranus 19.2
Neptuni 30

Pluto usiitilie nukta. Ichoree mstari kuanzia sentimita 29.7 hadi 49.3, kwa sababu mzingo wake umerefuka kiasi hicho: kuna miaka inakuwa karibu na Jua kuliko Neptuni, na mingine inakwenda mbali sana. Mzunguko mmoja unaichukua miaka 248.

Usijaribu kuchora magimba yenyewe kwa kipimo hicho. Jua lingekuwa na upana usiofika sehemu ya kumi ya milimita, na ncha ya penseli ni nene kuliko hapo. Mruhusu mtoto aitazame karatasi kwa muda. Sayari nne zimebanana kwenye sentimita moja na nusu ya mwanzo, halafu panafuata uwazi mkubwa. Huo uwazi una sababu, na tutaufikia.

Hatua ya 2: Rudi nyuma miaka bilioni 4.57

Umri huo haukukisiwa. Ndani ya vimondo vya mawe kama kile kilichoanguka Allende, Mexico, mwezi Februari 1969, mna chembe nyeupe zenye kalisi na alumini, ambazo ndizo yabisi kongwe kabisa za mfumo wetu. Wataalamu walipima jinsi urani iliyomo ilivyogeuka kuwa risasi, wakapata takriban miaka bilioni 4.567.

Wakati ule palikuwa na wingu kubwa la gesi na vumbi. Sehemu yake ilielemewa na uvutano wake yenyewe ikaanza kujikunja kuelekea katikati. Wingu lilikuwa na mzunguko mdogo tangu mwanzo, na kadiri lilivyosinyaa mzunguko ule uliongezeka kasi, mpaka kilichosalia kuzunguka Jua changa kikatandazika kuwa diski. Immanuel Kant aliandika wazo la namna hii mwaka 1755, na Pierre-Simon Laplace akaliendeleza mwaka 1796, wote wakiwa hawana njia ya kuiona diski yoyote. Sisi tunaziona. Mwaka 2014 darubini za redio za ALMA, zilizo kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya nyota changa HL Tauri iliyo umbali wa takriban miaka 450 ya nuru, na diski yake ikaonekana wazi ikiwa na mapengo ya duara kama mitaro. Itafute picha hiyo uiweke mbele ya mwanafunzi kabla ya kusema neno jingine.

Ushahidi mwingine unaupata bila darubini. Jioni ambayo Zuhura au Mshtarii inaonekana pamoja na Mwezi, ziunganishe kwa kidole kuanzia pale Jua lilipozama. Zote hukaa karibu na mstari mmoja unaokata anga. Kwetu Afrika Mashariki, tulio jirani na ikweta, mstari huo hupanda wima kutoka upeo wa macho na kupita karibu na utosi, hivyo ni rahisi kuufuata. Unachokiona ni ile diski ya kale, ikitazamwa ubavuni kutoka ndani yake.

Kutoka kwenye diski hiyo ndiko kunakotoka kigezo cha kwanza. Sayari hulizunguka Jua kwa sababu ilikusanywa kutoka kwenye mabaki yaliyokuwa yakilizunguka. Na mabaki yalikuwa kidogo mno: Jua peke yake lina zaidi ya asilimia 99.8 ya tungamo la mfumo mzima.

Hatua ya 3: Fuata vumbi mpaka liwe kilomita

Hapa usiharakishe. Ndipo penye sehemu ngumu ya habari nzima, na vitabu vingi vya shule vinaruka kwa kusema tu kwamba vumbi "liligandana".

Mwanzoni ni kweli liligandana. Punje ndogo kuliko unga ziligusana polepole zikashikana, kama vumbi la uvunguni mwa kitanda linavyojikusanya kuwa vibonge bila mtu kulifinyanga. Zilifikia milimita, pengine sentimita. Baada ya hapo mambo yaligoma, kwa sababu mbili. Kwanza, vibonge vikubwa vikigongana havishikani tena. Vinadunda au kuvunjika. Pili, gesi ya kwenye diski husukumwa nje kidogo na mgandamizo wake yenyewe, kwa hiyo inazunguka Jua polepole kidogo kuliko jiwe lililo umbali uleule. Jiwe linakuwa kila siku linapambana na upepo wa mbele. Upepo huo unalipunguzia mwendo, nalo linazama kuelekea Jua. Kwenye umbali wa Dunia, jiwe la ukubwa wa mita moja lingelimezwa na Jua ndani ya miaka mia moja hivi. Kwa mtazamo huo sayari hazikupaswa kuwepo.

Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba vikokoto vilisaidiana. Vikikusanyika vingi mahali pamoja, vinaikokota gesi iliyo karibu navyo, upepo wa mbele unapungua, navyo vinaacha kuzama haraka. Vikokoto vingine vinavyotoka nje vinavifikia na kukwama hapohapo. Rundo linazidi kuwa zito mpaka uvutano wake lenyewe unalikunja kwa mara moja kuwa gimba la kilomita kumi, hamsini au mia. Hatua ile ya mita moja inarukwa kabisa.

Tunao ushahidi wa picha. Tarehe 1 Januari 2019 chombo cha New Horizons kilipita kando ya Arrokoth, gimba dogo lililo mbali kuliko Pluto, lenye urefu wa takriban kilomita 36. Lina vipande viwili vilivyogusana shingoni. Mahali vilipogusana hapajapondeka wala kupasuka. Vilikaribiana kwa mwendo wa mtu anayetembea, vikashikana. Hivyo ndivyo vinavyoungana vitu vilivyozaliwa ndani ya rundo moja linalojikunja taratibu. Mwoneshe mwanafunzi Arrokoth na umwambie kwamba hiyo ni mbegu ya sayari ambayo haikuendelea kukua.

Hatua ya 4: Tia mstari wa barafu kwenye karatasi yako

Karibu na sentimita 3 chora mstari wa wima wenye vitone. Upande wa ndani wa mstari huo palikuwa na joto kiasi kwamba maji yalibaki mvuke, hivyo yabisi zilizopatikana ni mawe na chuma tu. Upande wa nje maji yaliganda, na malighafi ikaongezeka sana. Ndiyo sababu Mshtarii iko pale ilipo. Kiini chake kilikua haraka hadi kufikia takriban mara kumi ya tungamo la Dunia, na kwa uzito huo kikaanza kuvuta gesi yenyewe, haidrojeni na heli, bila kusimama. Leo Mshtarii ina tungamo la Dunia 318.

Muda ulikuwa mfupi. Diski nyingi hupoteza gesi yake ndani ya miaka milioni chache. Uranus na Neptuni zina tungamo la Dunia 14.5 na 17, maana yake zilipata viini vikubwa lakini gesi nyingi hazikuipata. Kama unataka kuona sayari ikiwa bado inalishwa, nyota PDS 70 inayo: mwaka 2018 ilitangazwa picha ya sayari ya kwanza ndani ya pengo la diski yake, na mwaka 2019 ikaongezwa ya pili.

Ndani ya mstari wa barafu ukuaji ulichukua muda mrefu zaidi na ulikuwa wa vurugu. Makumi ya magimba makubwa yaligongana kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Moja lenye ukubwa unaokaribia Mirihi liliigonga Dunia, na kutokana na yaliyorushwa angani ukapatikana Mwezi. Ndiyo nadharia inayoeleza vizuri zaidi miamba iliyoletwa na wanaanga wa Apollo.

Mabaki ya vurugu hizo unaweza kuyagusa kwa mkono. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, kina urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na inayobaki ni nikeli zaidi. Wenyeji walikijua tangu zamani. Watafiti walikijua mwaka 1930, kikiwa kimezikwa na sehemu ya juu tu ikionekana. Walichimba udongo pande zote wakaacha nguzo chini yake, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa msingi. Kwenye ncha yake pana makovu ya watu waliojaribu kukata kipande cha kuondoka nacho, na ukiyaangalia unaelewa walivyotaabika. Chuma kingi namna hiyo hakijikusanyi chenyewe ndani ya vumbi. Vimondo vya chuma hutokana na magimba yaliyopata joto la ndani, hasa kutoka kwenye alumini-26 yenye mnururisho, yakayeyuka, chuma kikazama, kisha migongano ikayavunja. Kama una darasa nyanda za juu kusini, wapeleke Mbozi kabla ya somo la vigezo.

Hatua ya 5: Kusanya namba za gimba unalotaka kulipima

Unahitaji mambo manne: linazunguka nini, lina kipenyo gani, lina tungamo gani, na lina majirani gani kwenye mzingo wake. Andika kwenye safu nne za daftari. Sasa unaweza kupima.

Hatua ya 6: Linazunguka nini?

Hili ni la haraka. Ganimede, mwezi wa Mshtarii, ina kipenyo cha kilomita 5,268. Titan ya Zohali ina 5,149. Zote mbili ni pana kuliko Utaridi yenye 4,879, lakini zinazunguka sayari, kwa hiyo ni miezi. Zipige mstari uendelee.

Hatua ya 7: Je, uvutano wake umelishinda jiwe?

Gimba dogo hubaki na umbo lolote lililolipata, kwa kuwa ugumu wa jiwe unauzidi uvutano. Likikua, uvutano unashinda, milima mirefu inashindwa kusimama, na umbo linakuwa la mviringo. Barafu hulegea mapema kuliko mwamba, kwa hiyo hakuna kipenyo kimoja cha mpaka.

Mfano mzuri ni Vesta na Ceres, zilizotembelewa na chombo kimoja, Dawn. Kilifika Vesta mwaka 2011 na Ceres mwaka 2015. Vesta, yenye upana wa kilomita 525 hivi, ina kusini kulikobonyea kwa mgongano mkubwa, na haikuweza kurudi kwenye mviringo. Ceres ina karibu kilomita 940, nayo ni ya mviringo. Vesta inaishia hapa. Ceres na Pluto, yenye kilomita 2,377, zinapita.

Hatua ya 8: Je, lilishinda eneo lake?

Rudi kwenye hatua ya 3 na ya 4. Kila gimba lililoendelea kukua lilikuwa linameza majirani, au linawarusha mbali, au linawalazimisha wafuate mwendo wake. Lililofika mwisho wa kazi hiyo linabaki peke yake likiwa na nguvu kwenye mzingo wake. Lililokatizwa njiani linabaki katikati ya kundi. Kwa hiyo kigezo cha tatu kinauliza kama gimba lilimaliza kukua, na hilo linapimika.

Mwaka 2006 mwanaastronomia Steven Soter alipendekeza hesabu rahisi: chukua tungamo la gimba, ligawe kwa jumla ya tungamo la vitu vingine vyote vinavyoshiriki eneo la mzingo wake, ukiacha miezi yake. Kwa Dunia alipata takriban milioni 1.7. Kwa Neptuni, takriban 24,000. Kwa Ceres 0.33, na kwa Pluto 0.077. Andika namba hizo nne kwenye mstari mmoja umwachie mwanafunzi aziangalie. Sayari ziko kwenye maelfu na mamilioni, nyingine hazifiki hata moja, na katikati hakuna kitu. Ni nadra maumbile kutuchorea mpaka ulio wazi hivyo, na ndiyo sababu nakitetea kigezo hiki ingawa maneno yaliyotumika Prague yangeweza kuwa bora.

Mwanafunzi makini atakuja na pingamizi mbili, nazo zinastahili majibu kamili.

La kwanza: Mshtarii ina maelfu ya asteroidi za Troia kwenye mzingo wake, je, haijasafisha? Asteroidi hizo zimekaa nyuzi 60 mbele na nyuzi 60 nyuma yake, mahali ambapo uvutano wa Mshtarii na wa Jua unazishikilia. Hazishindani nayo, inazichunga.

La pili: Pluto inakatiza umbali wa Neptuni, kwa nini Neptuni iitwe sayari? Tazama ule mstari uliouchora hatua ya 1. Kila Neptuni inapozunguka Jua mara tatu, Pluto inazunguka mara mbili kamili, na uwiano huo unazuia zisikaribiane. Ni uvutano wa Neptuni uliouweka na unaoulinda. Pluto imepangiwa ratiba na jirani yake.

Wapo wasiokubali. Alan Stern, aliyeongoza safari ya New Horizons iliyopita Pluto tarehe 14 Julai 2015, anasema sayari itambuliwe kwa ilivyo yenyewe, jiolojia yake, bila kujali majirani. Pluto ina milima ya barafu ya maji na nyanda za nitrojeni iliyoganda zinazojigeuza taratibu, na ukiziona picha zake unaelewa anachokitetea. Waeleze wanafunzi hoja hiyo kwa heshima. Ila wafahamu kwamba ukiifuata, Mwezi wetu na Ganimede navyo vitakuwa sayari, na orodha itapita mia.

Inasaidia pia kuwakumbusha kwamba Pluto haikuwa ya kwanza. Giuseppe Piazzi aliigundua Ceres huko Palermo tarehe 1 Januari 1801, ikahesabiwa kuwa sayari. Zikafuata Pallas, Juno na Vesta. Kufikia katikati ya karne ya 19 zilikuwa nyingi mno, zikapewa jina la asteroidi. Pluto iligunduliwa na Clyde Tombaugh mwaka 1930. Majirani zake wakaanza kuonekana mwaka 1992, na historia ikajirudia.

Hatua ya 9: Ukitoka nje ya mfumo wa Jua, badilisha kipimo

Azimio la Prague linataja Jua peke yake, kwa hiyo halizifikii sayari za nyota nyingine, ambazo zilizothibitishwa ni zaidi ya 5,000. Huko mpaka unaoangaliwa zaidi ni wa juu. Gimba lenye tungamo linalozidi takriban Mshtarii 13 linaweza kuunguza deuteri (haidrojeni nzito) katikati yake, nalo huitwa kibete kahawia. Likiwa chini ya hapo na linazunguka nyota, linahesabiwa kuwa sayari.

Usiache mfano wa 51 Pegasi b, uliotangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Ina karibu nusu ya tungamo la Mshtarii na inazunguka nyota yake kwa siku 4.2. Mwambie mwanafunzi aiweke kwenye rula: itakaa nusu milimita kutoka kwenye sifuri, ndani kabisa ya mstari wa barafu, mahali ambapo gimba la gesi lisingeweza kukua kirahisi. Maelezo yanayopewa nafasi kubwa ni kwamba ilizaliwa mbali ikasogea ndani.

Zoezi

Mpe mwanafunzi Eris. Inazunguka Jua kwa zaidi ya miaka 550, ina kipenyo cha kilomita 2,326, tungamo lake linaizidi la Pluto kwa asilimia 27, na eneo lake limejaa magimba mengine ya barafu. Kupatikana kwake, kulikotangazwa mwaka 2005, ndiko kulikolazimisha kura ya Prague, maana Pluto ikibaki sayari, Eris lazima iingie. Aipitishe kwenye hatua ya 6, 7 na 8 akiandika sababu kila mahali. Akimaliza, hatua ya 6 na 7 zitakuwa zimepita na ya 8 imegoma. Aandike "sayari kibete", jina la gimba linalopita vigezo viwili vya kwanza na kushindwa cha tatu, kisha afanye vivyo hivyo kwa Haumea na Makemake ili akamilishe orodha ya tano zinazotambuliwa rasmi pamoja na Ceres na Pluto.